UZI: Wahusika wa tamthilia waliotoweka bila kuaga. Walifukuzwa, waligombana, au hawakushika tu?

#1 Kidagaa wa Malindi
Salaam wana baraza. Nina dai langu, atakaye alipinge. Mhusika akitoweka ghafla kwenye tamthilia, usihangaike kutafuta sababu ndani ya hadithi. Sababu ni mshahara. Tazameni Generations ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 waigizaji 16 waligoma, wanataka nyongeza, mikataba ya miaka mitatu, na fungu lao kila vipande vya zamani vinaporudiwa. Agosti wakaachishwa kazi wote 16. Tarehe 1 Desemba mchezo ukarudi kwa jina la Generations: The Legacy, sura nyingi mpya. Hadithi imeingia wapi hapo? Haya, watajeni wenu waliopotea, na mseme kilichowapoteza.

#2 Fundi Dishi
Umechagua mfano unaokubeba. Ule ni mgomo, na mgomo hauna cha kufasiriwa. Chukua Bab al-Hara, musalsali ya Washami iliyokuwa ikitoka MBC kila Ramadhani, vipande 30 kwa usiku 30. Abu Issam, kinyozi na tabibu wa mtaa, alikuwemo 2006 na 2007. Sehemu ya tatu, 2008, yuaambiwa mtazamaji kuwa mzee keshafariki. Hatukuona kitanda, sanda wala kaburi. Nyuma ya pazia, Abbas al-Nouri na mwongozaji Bassam al-Malla walikuwa hawaelewani. Mwaka 2014, sehemu ya sita, mzee huyo karudi hai, kumbe alikuwa jela ya Wafaransa! Na Agidi (mbabe wa mtaa) Abu Shihab, aliyeigizwa na Samer al-Masri, naye tangu sehemu ya nne hakuonekana. Hapo si mshahara, ni mafahali wawili zizi moja.

#3 Mkokotoni Moja
Nyote mmepotea njia. Kuna kisa kimoja cha Dallas, tamthilia ya Marekani, kinamaliza mjadala huu. Ngojeni nifunge duka, nakuja nacho.

#4 Bint Forodhani
Fundi, mie nakuunga mkono, ila Abu Issam hakufa hata kidogo. Kifo kisicho na maiti kwenye tamthilia hiyo huitwa likizo. Tena Wahindi walijaribu kifo chenye kilio kamili, wakashindwa vilevile. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza Star Plus tarehe 3 Julai 2000. Mihir Virani, mumewe Tulsi, akauliwa mapema 2001. Watazamaji wakachachamaa, ikabidi afufuliwe, na dawa ya kufufulia ikawa ile ile ya siku zote: amepoteza kumbukumbu. Amar Upadhyay akaondoka, akaja Inder Kumar, kisha Ronit Roy. Mume mmoja nyuso tatu, na Tulsi hashtuki. Tulsi mwenyewe, Smriti Irani, alipokelewa na Gautami Kapoor 2007, mwaka uliofuata akarudi mwenye nafasi yake. Mchezo ukafika vipande 1,833, ukaisha Novemba 2008.

Kwa hiyo Kidagaa, huyu Mihir aliuliwa na mwandishi, akafufuliwa na watazamaji. Mshahara haukutajwa.

#5 Karafuu Kavu
Nyinyi wa mjini mwatazama vya wageni mkadhani na kwetu yaenda vivyo hivyo. Tamthilia ya Unguja au Pemba ukimuua mume umejifunga kamba mwenyewe. Mke yumo edani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, haposwi. Mchezo wako ukitoka mara moja kwa wiki, hizo ni kama wiki 19. Vipande 19 mhusika wako mkubwa wa kike ni wa chumbani! Umuonyeshe kipande cha tatu yuko sokoni Chake na kanga mpya, uone watu watakavyokurukia.

Ndo maana hadithi nyingi za kwetu mume hafi. Asafiri tu.

#6 Kalamu Nyekundu
Karafuu umesema jambo kubwa, ila hesabu yako ni ya miezi ya kalenda ya ukutani. Eda yahesabiwa kwa mwezi mwandamo, siku 29 au 30. Minne ni kama 118, ongeza kumi, 128. Gawa kwa saba, vipande 18. Na kama mjane ni mjamzito, eda yaisha anapojifungua, hata iwe wiki moja baada ya maziko au miezi minane. Mwandishi mjanja hutumia hapo hapo: mimba ambayo watu hawakuijua hubadilisha urefu wa eda, na hubadilisha mirathi pia, kwa sababu fungu la aliye tumboni husubiriwa.

Sasa kwa upande wa kazi yenyewe. Mwigizaji anasema Jumatatu kuwa Ijumaa hayupo. Kinachofanyika kwanza si kuandika. Kwanza waorodheshe matukio yake yaliyokwisha kurekodiwa, maana tamthilia za kila siku hurekodiwa wiki kadhaa kabla ya kurushwa. Hiyo ndiyo akiba. Pili waangalie mhusika huyu amebeba siri za nani. Siri yoyote ambayo ni yeye tu anaijua lazima ihamishwe: barua, ujumbe wa sauti kwenye simu, mtoto aliyesikia nyuma ya mlango. Wanaosahau hatua hii ndio huacha shimo, halafu miezi sita mbele mtu anauliza "kwani yule mtoto baba yake nani?" na hakuna wa kumjibu. Tatu, maneno yake yaliyobaki hupewa mwengine. Hapa panaharibika sana, kwa sababu huhamishwa kama yalivyo. Bibi wa miaka 70 unamkuta ghafla anaongea kama kijana wa maskani.

Baada ya hapo ndipo wachague njia ya kumtoa, na njia ina bei. Maziko ni ghali. Waigizaji wote siku moja, wanaume upande wao na wanawake upande wao kwa hiyo ni maeneo mawili, majamvi, jeneza, msafara, kisha khitma. Na kilio hakirudiwi mara sita, macho yamekwisha vimba, tukio la kwanza na la pili hayaungani. Safari yataka begi moja na mlango. Talaka yataka watu wawili na karatasi.

#7 Urojo wa Jioni
Na talaka zenyewe zina darja. Umpe rejea, mlango umeegeshwa. Ndani ya eda anarejewa bila ndoa mpya, ikiisha yafungwa ndoa nyengine, mchezo waendelea. Ukimtupia tatu kwa sababu tu ulitaka kipande cha Ijumaa kiishie kwa kishindo, umepiga msumari. Ili arudi kwa mumewe lazima aolewe na mwengine ndoa ya kweli, waachane, akae eda. Nimeona hadithi ngapi ambazo mwandishi kapiga msumari msimu wa kwanza, msimu wa pili anautafuta mkasi.

#8 Kalamu Nyekundu
Msumari haung'olewi kwa mkasi, bwana.

#9 Urojo wa Jioni
Ndiyo maana hawakufanikiwa.

#10 Popo Bawa
Mmesahau njia rahisi kuliko zote: azame baharini. Hakuna maiti, hakuna majamvi, na akitakiwa msimu wa tatu aokotwe Kismayu.

#11 Karafuu Kavu
Hilo hapa halifanyiwi mchezo. MV Spice Islander ilikwenda na watu wetu tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit 18 Julai 2012. Nyumba ngapi hazikupata maiti? Mwandishi anayemtupa mhusika baharini kwa sababu hataki kulipia jeneza, kisha akamrudisha anacheka, ajue nani wanamtazama.

Tena hata kisheria hujamaliza kazi. Mume aliyepotea si maiti, ni mafakudi. Mkewe hakai eda wala haolewi mpaka kadhi ahukumu, na madhehebu hayakubaliani kuhusu muda wa kungoja. Umekimbia vipande 18, umeangukia miaka.

#12 Bint Forodhani
Karafuu yuko sawa, na si hapa tu. Emmerdale ya Uingereza iliangusha ndege juu ya kijiji chao tarehe 30 Desemba 1993. Ndege ya kweli, ile ya Lockerbie kule Uskochi, ilianguka 21 Desemba 1988, yaani kumbukumbu ya miaka mitano ilikuwa imepita siku tisa tu. Walilalamikiwa sana. Ila kwa upande wa watazamaji ilifaulu, karibu milioni 18, na mchezo uliokuwa ukionekana wa kizee ukapata roho mpya. Na mkitazama vizuri, wanakijiji waliokufa ni wanne tu. Moshi mwingi, majeneza manne.

Hiyo ni tabia yao. Dynasty ya Marekani, Mei 1985, waasi wa Moldavia wakaimiminia risasi harusi nzima, msimu ukaisha watu wote wamelala chini. Msimu mpya ulipofunguliwa waliokufa ni wawili, Lady Ashley na Luke. Waliobaki wakakung'uta vumbi.

#13 Kidagaa wa Malindi
Nawasikia, lakini hakuna aliyegusa dai langu. Eda na majamvi ni NAMNA ya kumtoa mtu. Mimi naulizia KWA NINI. Na Mkokotoni Moja duka lake lina milango mingapi hata halijafungika?

#14 Fundi Dishi
Basi nikupe sababu nyengine ambayo hakuna aliyeitaja: hakutolewa na mtu. Alikatwa na mkasi wa wauzaji. Kipande kimoja cha tamthilia ya Kituruki kwao huchukua karibu saa mbili, na zaidi. Kikiuzwa nje hupasuliwa vipande vya dakika 45 hivi. Kipande kimoja cha Istanbul chatoka viwili au vitatu vya kwetu. Katika kupasua, mambo madogo ndiyo hukatwa kwanza: mjakazi, jirani, askari anayeaga kwenda mpakani. Wewe wakaa miezi unauliza yule askari kaenda wapi, naye aliaga vizuri tu, kuaga kwake kukabaki sakafuni.

Halafu kuna haki za kurusha, hununuliwa kwa msimu. Kituo kikinunua misimu miwili kati ya minne, wahusika wote wanapotea siku moja.

#15 Chaza
Ongeza na kubadilishwa sura. Muhteşem Yüzyıl, ambayo wengi hapa waijua kwa jina la Sultan. Meryem Uzerli, Hürrem wa kwanza, aliondoka Mei 2013 msimu wa tatu ukimalizika, akasema amechoka kazi mpaka mwili umekataa, akaenda Ujerumani. Msimu wa nne Hürrem ni Vahide Perçin. Hawakumuua wala kumsafirisha, na wasingeweza: historia inasema Hürrem alikufa 1558, na mchezo ulikuwa bado haujamuua Mustafa, aliyenyongwa 1553. Wakaruka miaka mbele, mwanamke akarudi mtu mzima. Kazi safi.

Kidagaa, huyo ni uchovu. Andika na hilo.

#16 Urojo wa Jioni
Safi kwako. Kuna waliosusa mpaka leo. Uso ulibadilika, macho yakabadilika, hata hasira ikabadilika. Hürrem wa kwanza akikasirika anacheka, wa pili akikasirika ananyamaza.

Lakini kwa mchezo uliotiwa sauti za Kiswahili kuna nafuu ambayo Waturuki wenyewe hawakuwa nayo: uso ukibadilika, sauti yaweza kubaki ile ile. Mtazamaji anayekaanga sambusa huku kaipa televisheni mgongo hajui kama kuna mtu kaondoka. Na kinyume chake ni balaa. Mtia sauti akibadilika katikati ya msimu, uso ni ule ule na watu wanasema "si yeye huyu". Kosa la kawaida ni kumtafuta mtu mwenye sauti inayofanana. Sauti inayofanana si tatizo, tatizo ni mwendo wa pumzi. Wa zamani alivuta pumzi kabla ya neno la mwisho, wa sasa avuta mwanzo wa sentensi, midomo na maneno vyaachana.

#17 Mzee wa Transista
Vijana mnaongea nyuso tu. Kwenye redio mhusika akinyamaza matukio mawili keshapotea, hata kama yuko chumbani. Ndiyo maana mwandishi wa redio hazidishi sauti tatu au nne katika tukio moja, na kila anayeingia hutajwa jina ndani ya maneno ya mwanzo: "Karibu Mama Waridi." Asiyetajwa hayupo.

Na mhusika bora aliyetolewa kwa Kiswahili ni Mkwaju. Twende na Wakati ya Redio Tanzania ilianza Julai 1993. Mkwaju dereva wa lori, kila kituo ana bibi. Mkewe Tunu. Pembeni yuko Fundi Mitindo na mkewe Mama Waridi, waliokuja kukubali uzazi wa mpango. Mkwaju akapata ukimwi akafa. Kidagaa, hapo hakuna mshahara, hakuna ugomvi, hakuna mkasi. Kifo chake kilikuwa kwenye ramani tangu mwanzo. Ni mbinu ya Miguel Sabido wa Meksiko, iliyojaribiwa huko miaka ya 70. Inataka wahusika wa aina tatu: mwema asiyeyumba, mbaya asiyesikia, na wa katikati anayesitasita halafu anabadilika. Mbaya lazima alipe. Wa katikati ndiye msikilizaji, na hapa ni Tunu, anayeanzisha biashara yake na kumwacha mume. Walikuwa makini mpaka matangazo ya mchezo huo hayakurushwa kituo cha Dodoma hadi 1995, ili walinganishe waliousikia na wasiousikia.

#18 Kidagaa wa Malindi
Mzee, Mkwaju nakuachia. Huyo alikufa kwa mpango. Ila mpango ni nadra.

#19 Popo Bawa
Mpango upi, adui siku zote hufa. Niambieni steringi aliyekufa akabaki amekufa.

#20 Mzee wa Transista
Kwenye Ertuğrul ya Waturuki humo mnamo wangapi? Doğan Alp hakurudi. Bamsı naye alidumu misimu yote mitano, akavuka na kuingia Kuruluş Osman kwa mwigizaji yule yule, Nurettin Sönmez, wakamuulia huko 2021. Hata Ertuğrul mwenyewe aliporudi kwenye mchezo wa mwanawe uso haukuwa wa Engin Altan Düzyatan, ulikuwa wa Tamer Yiğit.

#21 Chaza
Tumezungumza waliotolewa, kichwa cha uzi kinasema pia "hawakushika". Hapo mfano wangu ni ukoo wa Ferreira kwenye EastEnders ya BBC, 2003 hadi 2005. Wahindi watano, baba na watoto, waliletwa kwa tarumbeta. Kwanza yule baba, Dan, aliyeigizwa na Dalip Tahil kutoka India, akapata matatizo ya kibali cha kazi, ikabidi hadithi iliyojengwa juu yake ipanguliwe na watoto wabaki wanaelea. Lakini kosa lilikuwa kabla ya kibali. Tazameni majina: Ferreira, halafu watoto Ash, Adi, Kareena. Mtu wa hapa Unguja aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa. Ferreira ni Mgoa, Mkatoliki wa Goa. Mgoa wa Ferreira umtafute Jumapili kanisani Minara Miwili, jina lake la kwanza ni la Kikatoliki. Waliomwandika walichukua jina la ukoo huku, majina ya watoto kule, desturi hawakuchukua popote. Wahindi wa Uingereza wakacheka, na Wazungu wasiojua tofauti wakawaona baridi tu.

#22 Bint Forodhani
👏 Hapo umemaliza. Waliwakodi watu bila kuwapa nyumba.

#23 Urojo wa Jioni
Ferreira ni ukoo mmoja. Mnajua kuna mchezo mzima ulioshindwa? Eldorado, BBC hao hao, na walioubuni ni Julia Smith na Tony Holland, wale wale walioanzisha EastEnders 1985. Walijenga kijiji kizima Hispania, karibu na Coín. Ukaanza 6 Julai 1992, ukafa 9 Julai 1993. Kosa la kwanza lilikuwa la fundi: nyumba ni za kweli, kuta ngumu, sauti inarudi mwangwi. Studioni kuta ni za mbao na kitambaa, hunyonya sauti. La pili, wahusika waliongea lugha zao bila maandishi ya tafsiri chini. La tatu, waigizaji wengi wageni wa kazi, wakatupiwa watu pomoni siku moja, mtazamaji hajui amshike nani. Akaletwa Corinne Hollingworth kusafisha, akafyeka wahusika, mchezo ukaanza kupendeza. Wakaufunga ulipoanza kupendeza.

#24 Kalamu Nyekundu
La tatu hilo ndilo kubwa, na laonekana kwetu pia. Mhusika mpya hashiki akija peke yake na tatizo lake mkononi. Hushika akiingilia tatizo la mtu tunayemjua. Mlete mpangaji mpya anayedaiwa na mhusika wa zamani, watu watamtazama. Mlete na mkewe, mama yake na ugonjwa wake, vipande vitatu hivi watu wanakwenda kuswali isha mapema.

Na mkitaka kujua nani anatolewa kabla hajatolewa, tazameni nyumba yake. Studio ina nafasi ya seti chache, zile zisizohitajika hubomolewa. Mhusika akianza kukutana na watu kwao tu, hatumuoni tena sebuleni kwake, seti yake imekwisha bomolewa. Dalili ya pili, anauliza maswali tu: "Enhe? Ikawaje?" Huyo kageuzwa sikio. Dalili ya tatu, simu. Anaongea na mtu wa mbali ambaye hatujawahi kumsikia, ghafla ana shangazi Maskati.

Ila nimtetee Kidagaa kidogo. Michezo ya mchana ya Marekani mkataba wa mwigizaji huandikwa wa miaka, lakini kampuni ina haki ya kuukata kila mzunguko wa wiki 13. Mwigizaji haruhusiwi kuondoka, wao waruhusiwa kumwondoa. Kwa hiyo kila wiki ya 13 mtu wa fedha hukaa na orodha. Mhusika aliyedorora na mwigizaji wa bei ghali wakiwa mtu mmoja, basi tena. Na hapo utasema ni mshahara au ni hadithi? Mie nasema orodha moja.

#25 Kidagaa wa Malindi
Alhamdulillahi, robo nimepata.

#26 Fundi Dishi
Thumni.

#27 Bint Forodhani
Wiki 13 hizo hazielezi vioja vya Days of Our Lives. Wayne Northrop alikuwa Roman Brady, akaondoka 1984. Mwaka 1986 akaja Drake Hogestyn, mtu asiyejijua, John Black, kumbe ndiye Roman kafanyiwa upasuaji wa uso. Miaka inakwenda, watu wakazoea. 1991 Northrop akarudi, akawa yeye ndiye Roman wa kweli. Na yule aliyeishi na mke wa Roman miaka yote? Akarudishiwa jina la John Black. Hawakumtoa kwa sababu watu walikuwa wamempenda.

Mchezo huo huo, 2003 na 2004, wakaua wakubwa wa mji mmoja mmoja, maziko kila baada ya wiki chache, kumbe wote wako kisiwani hai. Kisiwa chaitwa Melaswen. Kisomeni kinyumenyume: New Salem.

#28 Karafuu Kavu
Na wake zao walikaa eda?

#29 Bint Forodhani
😂😂 Karafuu tuache.

#30 Popo Bawa
Mie kipenzi changu ni Tracy Barlow wa Coronation Street. Mashabiki wa Uingereza wana utani kuwa mtoto yule alipanda chumbani kusikiliza kanda zake, hakushuka. Aliposhuka ni msichana mwengine kabisa. Waigizaji wanne wamepita kwenye jina hilo. Hakuna upasuaji, hakuna kisiwa. Ngazi tu.

#31 Mzee wa Transista
Mchezo huo ulianza 9 Desemba 1960, na kosa lao kubwa ni la 1964, si la ngazi. Alikuja mtayarishaji mpya akafyeka, na miongoni mwa waliofyekwa ni Martha Longhurst. Moyo ulisimama akiwa peke yake kwenye kona yao ya baa. Alikuwa mmoja wa mabibi watatu waliokaa kona hiyo kusengenya: Ena, Minnie, Martha. Kwa hesabu za ofisini alikuwa wa tatu, hana hadithi yake. Lakini ukitoa figa moja chungu hakikai. Ena akasema, Minnie akaitikia, na hakuna tena wa kubisha.

#32 Kalamu Nyekundu
Figa! Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta tangu #24.

#33 Fundi Dishi
Sasa kwa kuwa mwenye Dallas yake hajarudi, niiseme mimi?

#34 Urojo wa Jioni
Muachie, huenda anafagia.

#35 Fundi Dishi
Tangu jana? Naisema. Patrick Duffy, Bobby Ewing, alitaka kuondoka. Mei 1985 akagongwa na gari, akafa kitandani, ukoo mzima unalia, maiti ipo. Watazamaji wakapungua. Mei 1986 Pam, aliyekuwa mkewe, anaamka, anafungua mlango wa bafu, Bobby anaoga. Msimu mzima, vipande 31, ulikuwa ndoto ya Pam! Harusi, maadui, mimba zilizoingia mwaka huo, vyote vikafutwa. Hiyo ni kumtoa mtu, kisha ukatoe kumtoa kwenyewe.

#36 Chaza
Na uchafu ulibaki kwa jirani. Knots Landing ilikuwa tawi la Dallas, Gary, ndugu wa Bobby, anaishi huko. Kule walikwisha mlilia Bobby, na mtoto akapewa jina lake. Dallas ilipoamka, Knots Landing haikuamka. Bobby akawa hai mji mmoja na maiti mji mwengine, ikabidi michezo miwili iache kutembeleana.

#37 Karafuu Kavu
Mirathi ya Bobby kule Knots Landing iligawiwa?

#38 Mkokotoni Moja
Nimerudi. Nilikuwa juu nasikiliza kanda. Bobby keshatajwa?

#39 Bint Forodhani
Keshaoga, kesharudi, kesharithiwa. Wewe tulikwisha kukusomea khitma ukurasa wa kwanza.

#40 Mkokotoni Moja
Basi nina mwengine, Miss Ellie, mama yake Bobby. Barbara Bel Geddes alipoondoka, 1984 aliletwa Donna Reed. Msimu mmoja, Bel Geddes akataka kurudi, Reed akaachishwa na mkataba bado unaendelea. Akawashtaki, wakamlipa. Kidagaa, huo ni mshahara au si mshahara?

#41 Kidagaa wa Malindi
Nusu! Andikeni nusu!

#42 Fundi Dishi
Huyo alilipwa kwa KUTOKA. Thumni yako naichukua.